Cheo cha Mtoaji

Maji yalipofika kwenye kizingiti cha stoo ya meli, mtunza stoo alivuta meza akauziba mlango, akafungua daftari, akatangaza kwamba hakuna jaketi la kuokolea litakalotoka bila sahihi.

Usimcheke bado. Miaka kumi na tisa aliyafua majaketi yale, akayaanika, akayarudisha kwenye mifuko ya nailoni, na halikupotea hata moja. Leo meli inazama, ndiyo watu wamharibie rekodi?

"Mpokeaji asaini hapa. Andika kwa kusomeka," alimwambia daktari mmoja, ambaye ilibidi arudie.

Abiria walimtukana mpaka midomo ikawakauka. Lakini mlango ulikuwa mmoja na meza imeuziba, basi wakapanga foleni. Waliotaka kukanyagana wakaanza kuazimana penseli. Meli ikazidi kulala ubavu, nao wakazidi kusogea, mmoja mmoja, hadi kwenye boti za waokoaji. Hakuumia mtu.

Wa mwisho alikuwa mama mkwe wake. Tangu mtunza stoo amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kumwita mkwe. Alimwita "yule mtu wa stoo", hata wakiwa meza moja. Alisaini, akavaa, akaenda zake.

Likabaki jaketi moja. Mtunza stoo aliandika jina lake kwenye nafasi ya mpokeaji, kisha akakwama: kwa kanuni, mtu hawezi kujipa kifaa mwenyewe; lazima mtoaji awe mwingine, naye asaini. Akapanda juu ya meza, akakaa. Aliogopa sana, ila kanuni ni kanuni.

"We! Bado unafanya nini humo?" Mama mkwe alikuwa amerudi, maji kiunoni.

"Sina mtoaji, mama."

"Huna nini?"

Akamweleza. Mama akamtazama kwa muda ambao hawakuwa nao.

"Ndiyo kusema binti yangu kaolewa na kabati," alisema, akampokonya penseli.

Jioni, nchi kavu, watu wakitetemeka ndani ya mablanketi, mtunza stoo alipita akikusanya majaketi yake. Alifungua daftari lililolowa, akatafuta mstari wake. Sahihi ya mtoaji ilikuwepo, imekwenda upogo. Kwenye nafasi ya cheo, mama mkwe alikuwa ameandika: *Mama yake*.

Alimkuta mama amelala kwenye benchi, jaketi bado mwilini.  Akamvutia blanketi mpaka mabegani, akafungua daftari, na mbele ya jina la mama akaandika: *Limepotea*.