Rovu Lilisingiziwa

Khadidja alikuwa na pumu, na Amissi, mume wake, alimkataza kuitaja hospitalini.

Alikuwa na rovu pia, limevimba shingoni kama ngumi, na rovu ndilo lililowapeleka. Mara mbili walikuwa wamerudishwa nyumbani Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwa sababu ya kifua: nendeni, kikitulia mrudi. Lakini vikwazo vya biashara vilikuwa vimemaliza dawa, vita vimekimbiza madaktari, na mpasuaji aliyebaki alikuwa anahama nchi wiki ile. Amissi alikuwa fundi wa magari. Hakuona ugumu wa kuficha kitu kimoja.

"Kifua kikilia, sema ni rovu linabana," alimwambia kabla hawajatoka. "Nani atajua?"

"Na pompi yangu ya kuvuta dawa?"

"Nipe mi. Wakiiona wataturudisha tena."

Khadidja alicheka. "We fundi gani? Gari ikiwa na ugonjwa mbili, unaficha moja?"

"Kama nataka kuiuza, ndiyo."

Hospitalini, Adrien, mtu wa kulaza wagonjwa usingizi, aliuliza kama kuna pumu. Khadidja alimtazama mumewe. "Hakuna," mumewe akajibu. Wakamwingiza.

Haukupita muda mrefu, Adrien akatokea mlangoni, barakoa inaning'inia kidevuni, jasho linamtoka.

"Kifua cha bibi yako kimefunga. Mpira uko kooni lakini hewa haipiti. Muzee, niambie kweli. Ana pumu?"

Mkono wa Amissi ulikuwa mfukoni, umeishika pompi. Akisema ndiyo, itajulikana alidanganya asubuhi mbele ya watu, na mpasuaji ataweka kisu chini. Ulimi ukamtangulia.

"Apana. Ni rovu linabana."

Adrien alimwamini. Akarudi mbio, akautoa mpira, akasukuma mwingine mrefu zaidi ili upite chini ya rovu. Amissi alisikia vyuma vikigongana na mtu akitukana kwa Kirundi.

Sijaona, dada mkubwa wa Khadidja, alitoka bombani na kidumu cha maji.

"Shemeji, mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

"Kifua kimefunga. Wanasema... nimesema ni rovu."

Kidumu kilianguka. "Rovu? Mutoto ana pumu tangu ananyonya! Pompi iko wapi?" Aliuvuta mkono wa Amissi kutoka mfukoni, akaipokonya, akapiga mlango kwa viganja viwili mpaka ukafunguliwa.

Mchana Adrien alikuja kukaa kwenye benchi pembeni ya Amissi. Hakupaza sauti, na Amissi alitamani angepaza.

"Ile pompi yako ni salbutamoli," alisema. "Inaingia penyewe panapobana, inafungua upesi, haiusumbui moyo sana. Ungenipa nilipokuja mlangoni, labda ingetosha. Lakini ilipofika hewa ilikuwa imefungwa kabisa. Nikipuliza, dawa inaishia kwenye mpira."

"Hamna ingine?"

"Aminofilini. Nilimpa kwenye mshipa. Hiyo inakwenda polepole, na ukizidisha kidogo inaukimbiza moyo mpaka uchoke. Moyo wake ulianza kukimbia, kifua bado. Nikabaki na adrenalini. Ni kali, hatuianzi hivi hivi. Ndiyo iliyofungua."

"Basi amepona."

Adrien alitazama sakafu. "Ubongo ulikaa bila hewa nikihangaika na rovu lako. Na asubuhi, kama ningejua, nisingemlaza kwa ile dawa niliyotumia. Kuna nyingine inayolaza huku inafungua kifua. Ilikuwa kwenye kabati."

"Kwa nini hukuitumia tu?"

"Niliuliza, muzee. Mara mbili."

Sijaona alikuwa amesimama karibu, nguo imelowa maji ya kidumu. Alikuwa na matusi tayari mdomoni, Amissi aliyaona. Akayameza, akaenda kukaa na mdogo wake.

Mpasuaji alihama bila kulikata rovu. Amissi alimpeleka mkewe nyumbani akiwa hai.

Aminofilini, ampuli mbili. Adrenalini moja, ya mwisho katika chumba kile. Rovu, lipo pale pale. Mkono wa kushoto, haunyanyuki. Sauti, imebaki kunong'ona. Watoto watatu: wa kwanza Khadidja anamtambua, wa pili anamwita kwa jina la marehemu kaka yake, na wa mwisho, bado wa kubebwa, mama yake anauliza ni mtoto wa nani.