Kiwanja Kimoja, Wenyewe Wawili

Naomba nisiambiwe kwamba kompyuta ilikosea. Nimeichoka hiyo sentensi. Mwaka 1998, pale Ushirika wa Makazi wa Tujenge, Dodoma, kila aliyekosea alikuwa na mdomo wa kulia ugali. Mashine ilifanya kile ilichoambiwa.

Databesi, yaani ghala la taarifa za viwanja vyetu vyote vya upande wa Ipagala, niliijenga mimi. Skrini ambazo karani anaziona na kuandikia alizitengeneza Respicius, kijana aliyekodiwa kutoka Dar es Salaam, hafungui tai hata jua likiwa la utosi. Tuligombana kabla kazi haijaanza. Katiba ya ushirika ilisema kiwanja kimoja mwanachama mmoja, na aliyetangulia kugawiwa ndiye mwenyewe. Nilitaka sheria hiyo ikae ndani ya databesi, ili mtu wa pili akataliwe hata akiingizwa kwa njia gani. Respicius aliitaka kwenye skrini.

"Kule ndani itatoa ujumbe mkavu, Yusra. Kwenye skrini naweza kumweleza karani kwa adabu."

"Mweleze kwa adabu, nani kakukataza? Lakini skrini ni mlango tu. Kesho ukitoboa mlango mwingine, mlinzi wako atakuwa bado amesimama kwenye ule wa zamani."

Mwenyekiti wetu, Mzee Ebenezer, alitusikiliza huku akichokonoa meno, kisha akaamua: skrini. "Mashine isije ikamkatalia mtu mzima mbele za watu," alisema. Nilidhani ni woga wa mzee asiyezoea kompyuta. Kumbe alikuwa ametuelewa kuliko tulivyoelewana wenyewe.

Haikupita miezi mingi, Respicius akamtengenezea Mwenyekiti skrini yake, ofisini kwake, nyepesi, isiyo na maswali. Nilipouliza sheria iko wapi humo, akaniambia mkubwa ameomba iondolewe kwa sababu inamchelewesha. Inamchelewesha! Kwenda wapi?

Jibu lilikuja na Mama Mwamvua, mpishi mstaafu wa shule moja kule Mvumi. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mawe ya mtu kwenye msingi wangu. Fundi wake ananiambia nihame. Ana barua kama yangu, mhuri kama wangu."

Msingi ule aliuchimba yeye na wanawe, kiangazi, udongo mgumu kiasi cha kukunja jembe. Na mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa amemwambia mvua za kwanza zisimkute mle. Nilifungua databesi. Kiwanja chake kilikuwa na namba mbili za wanachama, ya kwanza yake, ya pili imeingizwa kutoka ofisini kwa Mwenyekiti. Sikutazama hata namba ile ni ya nani. Niliondoka, nikaingia kwa Mzee Ebenezer bila kubisha hodi.

"Mama atapewa kingine, huko mbele ya safari," alisema. "Subira yavuta heri."

"Yeye asubiri, na wewe una nyumba tatu? Leo hii sheria inaingia kwenye databesi, mzee."

Hakukasirika. Alicheka. "Respicius kanieleza. Haiwezi kuingia mpaka hao wawili wabaki mmoja, sivyo? Utamfuta nani?"

"Wa pili. Katiba ndivyo inavyosema."

"Wa pili ni Mzee Shaibu wa Kondoa."

Baba yangu. Alikuwa amenidokeza tu kwamba amepata mahali Dodoma, atanionyesha ukuta ukishasimama.

"Alikuja kujiunga," Mwenyekiti akaendelea, "nikaona nimheshimu mzazi wa mtumishi wetu. Yeye hajui lolote. Mkuki kwa nguruwe, binti yangu, kwa binadamu mchungu."

Niliwahi kuona watu wakihongwa, lakini wao walijua wamepokea nini. Mimi nilikuwa nimezibwa mdomo kwa mkono wa baba yangu mwenyewe, halafu nitegemewe kushukuru! Nilimchukia mzee yule kwa moyo wote, na mpaka leo sijaona sababu ya kupunguza.

Nilirudi kwenye meza yangu. Respicius alikuwa amesimama hapo, tai imemlegea. "Ngoja basi umwulize baba yako kwanza," alisema.

"Mama Mwamvua aliulizwa?"

Nilifuta namba ya baba. Kisha nikaweka sheria, na safari hii databesi ikaipokea kimya. Nikaenda kwenye kompyuta ya Mwenyekiti, yeye mwenyewe akinitazama, nikajaribu kumrudisha baba pale pale. Ikakataa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mkavu kweli kweli.

Kilichobaki hakikuwa cha kompyuta. Nilikwenda Ipagala kwa miguu, upepo ukinipiga machoni. Baba alikuwa amekaa juu ya mawe yake, kofia magotini. Upande wa pili wa msingi alisimama Mama Mwamvua na jembe lake. Ilionekana hawajasalimiana.

Nilimwamkia baba, nikamweleza yote bila kuzungusha.

"Nilikusomesha ili uje unifute?"

"Hukuandikwa, baba. Uliandikwa juu ya jina la mtu."

Alimtazama Mama Mwamvua, akautazama na msingi, kwa mara ya kwanza nadhani, maana alama za jembe zilikuwa wazi ukutani mwa shimo. Akainuka, akavaa kofia, akamwita fundi.

"Pakieni haya mawe yote."

"Tuyapeleke Kondoa, mzee?"

"Kwa Ebenezer. Mkayamwage barazani kwake."

Lori lilipojaa alipanda mbele, karibu na dereva. Mama Mwamvua alimpungia mkono, naye akamwitikia. Mimi hakuniaga.