Tela Lenye Mkia Mzito

Fundi mchomeleaji waliyemwita Cheche alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kumkatalia mkwe wake. Mteja akitaka geti la kipuuzi, Cheche humwambia ni la kipuuzi, ana kwa ana, chaki ikiwa sikioni. Lakini baba wa mkewe akikohoa tu, sauti inamshuka, mikono inakwenda nyuma, na kila analoulizwa analijibu "sawa tu, Baba." Kwa hili hana wa kumtetea.

Mkwe mwenyewe, mzee Masafa, alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na miwili. Miaka yote hiyo mkewe alibaki nyumbani akilea watoto watano na kusikia habari za milima na maziwa kwa simulizi. "Nikistaafu nitakuonyesha," mzee alikuwa akimwambia, na mama alikuwa akijibu, "Haya," kama mtu anayemjibu mtoto. Basi mzee alistaafu kweli, akanunua tela kuukuu la mizigo lenye magurudumu mawili, la kuvutwa na gari lake, na pikipiki ya magurudumu manne ya kupitia porini, kwa sababu mama alikuwa na goti bovu na milima haipandwi kwa goti bovu. Vyote viwili akavileta karakana kwa Cheche.

"Mwanangu, nataka nyumba ya kutembea nayo," alisema. "Tulale mbele, hiki kidude kikae nyuma. Gari likishindwa na njia, tunalifunga, tunapanda kidude."

Cheche alilifanyia kazi wiki tano, na kazi aliijua. Alikata mabati yaliyooza, akachomelea fremu mpya, akaezeka paa, akapigilia plaiwudi ndani. Alitengeneza kitanda cha kukunja na rafu ya jiko la gesi yenye kingo ili sufuria isiteleze. Mlango wa nyuma aliufanya mpana, ukishushwa unalala chini na kuwa njia ya kupandishia pikipiki. Mama mkwe alikuja kuona, akakaa kitandani, akabonyeza kwa makalio mara mbili tatu, akacheka peke yake. Cheche hakuwahi kumwona akicheka hivyo.

Shida ilikuwa mpangilio. Mzee aliingia na kipande cha chaki, akachora sakafuni yeye mwenyewe: pikipiki mkiani kabisa, karibu na mlango, ili akitaka kuishusha alfajiri asimwamshe mama, na tangi la maji palepale mkiani, waogee nyuma ya tela. Cheche alitazama ile michoro, akaliona kosa papo hapo. Tela la ekseli moja, lenye magurudumu mawili tu katikati, ni kama ubao uliowekwa juu ya jiwe. Uzito lazima uelemee mbele kidogo, ulalie gari linalovuta. Mkia ukiwa mzito, mbele hunyanyuka, na gari likishika kasi tela huanza kuyumba kulia na kushoto, na likishaanza hakuna dereva wa kulituliza. Kwenye malori ya mzee mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu pua ya tela la lori hukaa juu ya mgongo wa lori lenyewe. Ndiyo maana na masafa yake yote hilo hakulijua.

"Wewe ndiye fundi," mzee alimwambia akijipangusa chaki. "Hapa pamekaaje?"

Aliulizwa, jamani. Aliulizwa waziwazi, na jibu alikuwa nalo.

"Sawa tu, Baba," Cheche akasema.

Nyumbani mkewe alipolisikia alisukuma sahani pembeni. "Mwambie."

"Nimwambie nini? Mtu ameendesha malori tangu sijazaliwa, leo mimi nimfundishe kupanga mzigo? Nimfundishe samaki kuogelea?"

"Baba si samaki. Na mama yangu atakuwa ndani ya hilo gari."

Cheche hakumwambia mzee. Alifanya la kwake. Mzee alipokwenda kuchukua godoro, alitafuta vipande sita vya chuma cha reli, akavifunga kwenye magunia na kuvipanga puani mwa tela, ndani ya sanduku la chini ya kitanda. Kisha akapima: tela likakaa sawa, pua ikilalia gari kama inavyotakiwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Mzee angesafiri salama, heshima yake ikiwa nzima, na hakuna ambaye angejua lolote. Cheche alijiona mjanja sana jioni ile, na alikula akashiba.

Jumamosi asubuhi alifika karakana kuwaaga wakwe zake, akakuta tela limeshaondoka. Mlangoni palikuwa na vile vyuma sita, vimepangwa vizuri, magunia yamekunjwa juu yake.

"Mzee kaondoka mapema, hataki jua limkute njiani," alisema jirani yake, fundi wa matairi. "Kasema ulisahau vyuma vyako ndani. Kavishusha mwenyewe kimoja kimoja, nimetaka kumsaidia kakataa. Kasema yeye hajawahi kuondoka na mzigo wa mtu, sembuse wa mwanawe."

Hapo ndipo Cheche alipokumbuka anamhadaa nani. Mtu ambaye miaka thelathini na miwili hakuwahi kuwasha lori kabla ya kulikagua tangu taa hadi nati, na aliyewahi kumshusha tajiri mmoja porini pamoja na furushi lake kwa sababu lilifichwa chini ya turubai. Kisa hicho mzee alikisimulia siku ya harusi ya Cheche mwenyewe, na bwana harusi alicheka mpaka machozi.

Alipiga simu ya mzee: imezimwa, maana mzee akiwa kwenye usukani hana habari na simu. Akapiga ya mama. Ikapokewa na mkewe. "Mama kaisahau hapa kwetu jana kwenye chaji. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema, hata wakati huo.

Jirani akampakia kwenye pikipiki yake, wakaifuata barabara kuu. Cheche alikuwa akiomba kwa sauti na upepo ukimjaza kinywa. Aliomba mzee aende polepole. Aliomba foleni, pancha, askari wa barabarani, kizuizi chochote. Kwenye mteremko mrefu wa kwanza waliona watu wamesimama ukingoni.

Tela lilikuwa limelala ubavu mtaroni, paa limebonyea, maji ya tangi yakimwagika. Pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa chali majanini. Gari lilikuwa limegeukia lilikotoka, limekwaruzika mlango tu. Mama alikuwa amesimama kando yake, nundu kwenye paji la uso, akikusanya vijiko. Alikuwa hai. Mzee alikuwa hai. Cheche alishuka, akataka kulia kwa shukrani.

Mzee Masafa alikuwa amekaa kwenye jiwe, viganja juu ya magoti, akivitazama. Alipomwona Cheche alisimama.

"Mwanangu," alisema, "nisamehe. Kazi yako nzuri nimeiangusha."

"Baba..."

"Ngoja niseme. Lilianza kuyumba, nikalishika, likanishinda. Zamani lisingenishinda. Mikono imekwisha, mwanangu. Nimemwambia mama yako, mimi na usukani basi tena. Nimuue kwa sababu ya kutaka kumwonyesha milima?" Akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea Cheche mkononi. "Turudishe nyumbani."

Mama alikuwa mbali kidogo, akifuta vumbi kwenye sufuria ambayo isingepikiwa popote. Jirani alikuwa akizungumza na waliosimama. Hakuna aliyejua. Angeweza kusema pole Baba, akaingia kwenye gari, na maisha yakaendelea. Mzee angekaa barazani miaka iliyobaki akivitazama viganja vyake, na Cheche angemwamkia kila Jumapili kwa adabu. Ilikuwa rahisi kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Na alilifikiria. Alisimama na ufunguo mkononi akilifikiria, na haya zikamwaka usoni kwa kulifikiria.

"Si mikono yako, Baba."

"Usinibembeleze."

"Mkia ulikuwa mzito. Pikipiki na tangi havikutakiwa kukaa nyuma. Nilijua tangu siku uliyochora."

Mzee aligeuka akalitazama tela mtaroni.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, Baba."

"Na vile vyuma?"

"Nilivificha vivute mbele. Sikutaka kukusahihisha."

"Mimi nikavitoa. Mgongo wangu huu, nikavibeba nisije nikakudhulumu." Kwa mara ya kwanza tangu amwoe bintiye, Cheche alimwona mzee ana hasira. "Yaani wewe uliona ni bora nife kuliko kuniambia nimekosea?"

Cheche aliutazama ufunguo mkononi mwake.

"Mama!" mzee akaita. "Njoo." Mama akaja akichechemea, sufuria mkononi. Mzee hakumwondolea Cheche macho. "Rudia. Yote. Kwa sauti, mama yako asikie."

Cheche akarudia. Safari hii sauti haikushuka. Alisema alijua, akasema aliulizwa, akasema alijibu sawa tu, na watu waliosimama ukingoni wakageuka kumtazama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alimshika mumewe kiganja, akakigeuza juu na chini kama anayekagua kitu kilichopotea kikapatikana, kisha akaenda kukaa kiti cha mbele.

Mzee akachukua ufunguo wake. Jirani alibaki kulinda tela. Mzee alizunguka gari akalikagua taa na matairi, akaliwasha, akaligeuza pale mteremkoni kwa mkono mmoja. Cheche alikaa kiti cha nyuma kati ya godoro na jiko la gesi vilivyotolewa kwenye tela, na njia nzima hakuna aliyemsemesha.