Karatasi Chini ya Viti

Niiteni mmbea, sikatai. Lakini kaka yangu, daktari wa meno, alipogombea uenyekiti wa chama, kura zilikuwa hazitoshi, na mimi si mtu wa kukaa nimekunja mikono. Mpinzani wake alikuwa Bi Kengele, mwalimu mkuu mstaafu aliyetufundisha sote wawili. Mtu safi mpaka anakera.

Nikachimba. Wiki mbili nilizunguka mji mzima nikihoji majirani zake, wapishi wa shule, hata fundi anayemshonea nguo. Patupu! Mwishowe karani mpya wa shule, kijana asiyejua kukataa, akanifungulia kabati la madaftari ya nidhamu. Humo nikakuta, kwa mwandiko wa Bi Kengele mwenyewe: mwanafunzi wa darasa la mwisho ameiba mtihani ofisini, amesamehewa. Jina lilikuwa limefutwa kwa wino mzito.

Nusura nimkumbatie karani wa watu. Mlinzi wa wezi anataka kuongoza chama! Nikatoa nakala mia tatu, na asubuhi ya mkutano nikaweka moja chini ya kila kiti. Kaka sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi.

Ukumbi ulivyowaka, we acha tu. "Mtaje! Mtaje huyo mwizi!"

Bi Kengele alivaa miwani, akaisoma karatasi taratibu kama anasahihisha insha.

"Ni kweli," akasema. "Nilimsamehe, na nilimwahidi mama yake sitamtaja. Kama ni kura, ninyimeni."

Wajumbe wakamzomea. Ushindi huo! Nikamgeukia kaka nimkonyeze. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai, macho yameganda kwenye karatasi.

Moyo ukanilipuka paa! Mji mzima nimeuhoji, nyumbani kwetu sikuuliza.

Mama, mjumbe wa miaka mingi kuliko wote pale, alikuwa safu ya mbele. Hakupaza sauti. Aligeuka tu kwenye kiti chake.

"Mwanangu," akamwambia kaka, "utasimama mwenyewe, au nikusimamishe mimi?"

Kaka akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikapiga magoti, nikaanza kuokota karatasi zangu sakafuni, kiti baada ya kiti, na hakuna aliyesogeza mguu kunipisha.