Mjomba Aliyesomea Poka kwenye Runinga

Mjomba alikuja kukaa siku tatu. Huu ni mwezi wa nne, bado analala kwenye kochi, na sasa jicho lake limeangukia chumba cha mpwa wake Kimya, chumba pekee chenye mlango unaofungika. Jina la utani linajieleza: Kimya angesema nini?

"Tucheze poka," mjomba akasema Jumapili mchana. "Anayeshinda, chumba chake. Mimi nimeona filamu zote za poka, nani wa kunidanganya?"

Shangazi, ambaye kazi yake ni kugawa karata kwenye kasino, alikohoa kidogo. "Nitagawa mimi. Badala ya pesa, vifungo vya nguo. Mwenye vifungo vingi mpaka naondoka kwenda zamu, ndiye mshindi."

Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo vifungo vilikuwepo. Arobaini kila mmoja. Mjomba akavaa miwani ya jua, humo humo sebuleni, mapazia yamefungwa. Njiti ya kiberiti mdomoni. Kila akiweka vifungo anavirusha katikati kama anamwagia kuku mahindi, halafu shangazi anavihesabu upya, kimoja kimoja. Hakutupa karata mbovu na kusubiri nyingine hata mara moja, maana filamuni shujaa hatupi. Kimya alitupa, akatupa tena, akatupa. Saa mbili nzima. Sehemu hiyo filamuni huwa wanaikata.

Walipokuwa sawa kwa sawa, Kimya akapata jozi mbili. Akasogeza vifungo kumi.

Mjomba akasimama. Akavua miwani taratibu. "Hivyo kumi... nafuata." Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Na naongeza... vyote!"

"Kaa chini, shemeji. Umeshasema unafuata, na neno la kwanza ndilo linalohesabika. Weka kumi."

"Lakini kwenye filamu wanasema hivyo hivyo!"

"Kwenye filamu mgawaji hana msimamizi mgongoni. Kumi."

Akakaa, akafunua karata: wafalme watatu. Wanashinda jozi mbili. Mjomba angeruhusiwa kuongeza, Kimya angevifuata vyote, na chumba kingekwenda. Vilikwenda kumi tu.

"Mkono wa mwisho, nagawa mara moja tu," shangazi akasema, huku anafunga tai yake nyeusi ya kazini.

Mjomba hata karata hajazitazama vizuri, akasukuma kila kitu. "Vyote! Mkono wa mwisho haujawahi kumwangusha shujaa."

Kimya alikuwa na jozi ya namba nne. Kajozi kadogo, ka kutia huruma. Filamuni angemkodolea mjomba macho mpaka aone tone la jasho. Yeye alitazama meza tu, akawaza: mtu ambaye hajatupa tangu mchana hawezi kuwa na wafalme kila saa.

"Nafuata," akasema. Neno lake la kwanza siku nzima.

Mjomba alikuwa na takataka tupu, hata jozi hana. Hakuna muziki uliopigwa, hakuna aliyepindua meza. Shangazi akavisukuma vifungo kwa Kimya, akavaa viatu, akaenda kazini.

Kimya akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Kisha akaufungua kidogo.

"Mjomba, samahani. Miwani umeikalia."