Kurasa Thelathini na Moja za Marehemu Jaji

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, mpiga chapa wa mahakama alikuwa anabadilisha utepe wa taipu yake pale Jaji alipoingia. Alikuwa amezikwa siku kumi na tisa zilizopita. Akakung'uta udongo wa viatu kwenye zulia la mlangoni, akauliza kama jalada la kesi ya mihula limerudi.

Mpiga chapa akamwambia bado, akampa pole ya safari.

Kesi yenyewe hata watoto waliijua. Katiba ilimruhusu rais mihula miwili. Wakubwa walitaka neno "miwili" lifutwe, na majaji watano ndio wa kuamua. Wawili walikubali, wawili wakakataa. Jaji, wa tano, moyo ulimsimama akifunga kamba za viatu, hajaandika lake. Kabla matanga hayajaanuliwa, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo alimsomea mpiga chapa hukumu yake aichape, akiwa amesimama dirishani, polepole, akitua kwenye kila nukta kama zamani. Kila karatasi aliyoishika ililowa, na mpiga chapa akawa anazianika juu ya kabati.

Mchana mpiga chapa alimpigia simu mjane wa Jaji. Mjane akauliza kama mumewe bado anakohoa.

"Hakohoi, mama."

"Basi mwambie, mwanangu, shati lake la bluu nimeshaligawa. Asinikasirikie."

Jaji alipopewa salamu hizo alisahau alipokuwa amefikia.

"Nikifika nyumbani nikakaa, sitainuka tena," alisema. "Tumalize hii kwanza."

Jumatano msajili wa mahakama alipita. Alimwamkia marehemu kwa heshima zote, kisha akamvuta mpiga chapa kando na kumweleza kwamba mtu aliyefungiwa faili la utumishi hana hukumu, ana maneno tu, na anayeyachapa maneno hayo anajitafutia makubwa.

"Umebakiza miaka minne ustaafu, dada yangu," alisema. "Mchuma janga hula na wa kwao."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia mpiga chapa hofu. Alikaa mbele ya taipu mikono mapajani hadi chai ikapoa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amemchapia mzee huyu, na hata siku moja mzee hakuwahi kumwomba abadilishe neno baada ya kusaini. Akapachika karatasi nyingine.

Ijumaa zilitimia kurasa thelathini na moja. Jaji alisaini. Msajili akazipokea, akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akazifungia kwenye kabati la karatasi zisizo na mwenyewe. Jumatatu hukumu ya mahakama ikasomwa: watatu kwa wawili, wa tatu akiwa yule aliyekalia kiti cha Jaji. Neno likafutwa. Mpiga chapa akahamishiwa stoo ya majalada, chini, kusiko na dirisha.

Jaji alibaki kwenye benchi la ukumbini akingoja kuitwa. Wafagiaji walimpitishia tambara kuzunguka miguu, mawakili wakamwamkia. Kila Alhamisi mjane alikuwa anakuja kukaa naye, wakishikana mikono, mpaka ofisi zifungwe.

Ukafika uchaguzi. Mpiga chapa alipanga foleni kwenye darasa moja la shule ya jirani. Karani aliteremsha rula kwenye daftari la wapiga kura, akalipata jina lake, akatazama mstari wa juu yake.

"Huyu ni mama yako mzazi? Yeye ameshapiga."

Mama yake mzazi alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Alama ya dole gumba ilikuwepo, mbichi, ikionyesha kovu lake la kisu cha jikoni. Karani alieleza kwamba walikuja alfajiri, mabasi matatu, wazee watupu, na wote walijua pa kuweka alama.

"Alionekanaje?" mpiga chapa aliuliza.

"Mzima tu. Alitaka kukaa kidogo, akasema ana binti mtaa huu. Lakini dereva alikuwa anawaharakisha."

Mpiga chapa alipokea karatasi yake, akapiga kura, akaitumbukiza. Kisha akatoka, akasimama getini juani, mkoba kifuani, hadi vituo vilipofungwa, akitumaini pengine lingekuja basi lingine la wazee.