Njia ya Kwanza

Baba mkwe wangu alifundisha kwaya mpaka akastaafu, na tangu nimwoe binti yake ameniambia neno moja tu kuhusu uimbaji wangu: "Umejitahidi." Uzito wa neno hilo unajulikana. Ndilo analoambiwa aliyeshika mkia darasani, mama yake akiwa amesimama pembeni.

Nikaapa kwamba safari hii akija kututembelea, lazima nimtoe neno jingine mdomoni. Kikazi mimi ni muuza misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini nyumbani ni msanii. Nina rekoda ndogo ya kidijitali, inaingia kwenye mkoba, yenye njia nane, na kila njia inashika sauti yake peke yake. Njia ya kwanza nilijipa mimi, naimba. Ya pili gita, mimi tena. Ya tatu mke wangu, kiitikio tu. Studio ilikuwa kabati la nguo. Niliimba nimebanwa na makoti, jasho linanitiririka, nikijiona mkubwa.

Mke wangu aliingia kabatini baada yangu, hedifoni masikioni, akinisikiliza ili ajue kiitikio kinaanzia wapi. Kwenye beti naye akawa anaimba chini chini.

"Wewe subiri kiitikio," nikamwambia.

"Nisipofuatisha nitapotea."

"Basi polepole. Usinifunike."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Ikabaki kufanya masta. Kwa asiyejua, hiyo ni kuupiga pasi wimbo uliokwisha kushonwa. Pasi haizibi tundu, ila mimi nilipiga pasi wiki nzima nikitumaini litaziba. Nikaongeza besi, nikawa mbaya mwenye besi. Nikaongeza mwangwi, nikawa mbaya niliye pangoni. Nikaona isiwe taabu, nikafungulia kompresa mpaka mwisho. Kazi yake ni kuwashusha wanaopiga kelele na kuwainua wanaonong'ona, ili wote wasikike sawasawa. Siku yenyewe ya mgeni nikasikia gita linakwaruza mahali, nikazima njia ya kwanza ili nilisikie vizuri. Nikarekebisha. Mara hodi! Nikabonyeza kitufe cha kutoa nakala ya mwisho, nikaiacha mashine ikijifanyia kazi, nikakimbilia mlangoni kupokea begi.

Baada ya salamu na mapumziko nikaileta rekoda sebuleni, nikaiunganisha na spika.

"Baba, kuna kitu kidogo tu hapa," nikasema, kwa ule unyenyekevu wa mtu anayesubiri kusifiwa. Nikafumba macho.

Gita likaanza. Likafika pale ninapoingia. Sikuingia.

Aliyeingia ni mke wangu. Kompresa ilimtafuta mpiga kelele wa kumshusha, ikakuta hayupo, basi ikamnyanyua yule aliyekuwa akinong'ona nyuma yangu. Sauti tulivu, unasikia hata anavyovuta pumzi, ikajaa sebule nzima. Mwenyewe alikuwa mlangoni na sinia la chai, mdomo wazi. Nikafumbua macho, nikaiona taa ya njia ya kwanza imezimika.

Kidole kikataka kwenda kusimamisha wimbo. Maneno nilikuwa nayo: samahani baba, kuna hitilafu ya mitambo. Niliona wivu, tena wivu kwa mke wangu mwenyewe. Lakini mzee alikuwa ameinama mbele, kiganja chake kikipanda na kushuka juu ya goti, anaongoza. Nikaurudisha mkono mfukoni.

Wimbo ulipoisha akainyooshea spika kidole.

"Hebu rudia."

Nikarudia. Safari hii alimtazama binti yake tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Kumbe unaimba hivi, mwanangu," akasema, "na mimi miaka yote nakupanga mstari wa nyuma."

 Mstari wa nyuma niliurithi kwake, nikauhamishia kabatini.

Akanigeukia. "Na wewe mkwe, uko wapi humu?"

"Mimi nimefanya masta, baba."

"Umejitahidi."

Alipokwenda kujilaza, mke wangu akaja kukaa karibu na rekoda.

"Ulijizima makusudi?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshapigwa pasi.

"Hapana. Nilisahau kujiwasha."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavaa hedifoni, akaiwasha njia ya kwanza, akaipandisha sauti yangu kidogo, akasikiliza, akaishusha nusu ya pale alipoifikisha.

"Hapo hapo," akasema. "Ila usinifunike."